Uliza Fundi: Shingo ya besi inaanguka nikiiachia

*Shikamoo fundi. Napiga besi, huu ni mwaka wa tatu. Gitaa langu lina pembe mbili fupi zinazofanana (zile ncha za mwili zinazotokeza kando ya shingo), na kifungo cha mbele cha mkanda kimefungwa kwa nyuma, pale shingo inapoungana na mwili. Sauti yake naipenda mno, siko tayari kuliuza. Shida ni kwamba nikiachia mkono wa kushoto, shingo inashuka mpaka kichwa cha gitaa kinatazama sakafu. Kwa hiyo nalibeba kwa mkono ule ule ninaobonyezea nyuzi. Tukifanya mazoezi saa mbili, bega linawaka moto na kidole gumba kinakufa ganzi. Mwenzangu mmoja bendini ananishauri nitie vipande vya risasi, ile metali nzito, kwenye tako la gitaa, yaani mwisho wa mwili. Mwingine anasema nitoboe pembe nihamishie kifungo huko. Naogopa drili. Nimelipima, lina kilo 4.1. Je, tatizo ni uzito? – Mpiga besi mwenye bega linalouma*

Marahaba. Umefanya vizuri kulipima kabla ya kuniandikia, maana kilo 4.1 ni uzito wa kawaida kabisa kwa besi. Besi nyingi zenye mwili wa mbao nzima zinacheza kati ya kilo tatu na nusu na nne na nusu. Kinachokuumiza ni mahali mkanda ulipolishika gitaa.

Mimi nilibeba besi ya umbo kama la kwako kwa miaka minne nikiamini bega langu ndilo dhaifu. Usiku mmoja waya wa ndani ulikatika muda mfupi kabla ya kupanda jukwaani, nikaazima besi ya mwenzangu yenye pembe ndefu ya juu. Tulipomaliza nilishuka nikiwa sina maumivu hata kidogo. Kesho yake nikazipima zote mbili. Ya kwangu ilikuwa kilo 3.9, ile ya kuazima kilo 4.4. Yaani nilibeba nusu kilo zaidi, na bega likapumzika! Tangu siku hiyo, kila mpiga besi akija kwangu akilalamika bega, kitu cha kwanza ninachokitazama ni kifungo cha mbele.

Fikiria gitaa linavyoning'inia. Mkanda unapita juu ya bega, na ukiwa laini unateleza mpaka uzito wote wa gitaa utulie chini ya bega lako. Besi ina shingo ndefu, na mwisho wa shingo kuna kichwa chenye mashine nne za kukazia nyuzi, zote za chuma. Kifungo cha mbele kikiwa kule nyuma kwenye kiungo cha shingo, sehemu kubwa ya mbao na chuma inabaki upande wa kichwa ikiwa haina cha kuishikilia. Gitaa linatafuta utulivu wake, na utulivu wake ni kichwa kuinama. Mkono wako unazuia jambo hilo kila sekunde. Na kwa kuwa kifungo kimefungwa mgongoni mwa gitaa, lazima umeona pia kwamba uso wake unalalia mbele, unakukimbia tumboni.

Waundaji walilitambua hili mapema. Besi ya Precision Bass ya kampuni ya Fender ilipotoka mwaka 1951, pembe yake ya juu ilirefushwa kuliko ilivyokuwa kawaida ya magitaa ya wakati ule, na kifungo kikafungwa kwenye ncha yake, usawa wa freti ya 12 (freti ni vile vipande vya chuma vinavyokatiza shingo). Nyuzi zake zina urefu wa inchi 34, karibu sentimita 86, na shingo ya namna hiyo isingebebeka bila ile pembe. Miaka kumi baadaye kampuni ya Gibson ikatoa besi ya EB-3, yenye pembe fupi na kifungo nyuma karibu na kiungo cha shingo. Walioipiga wanaijua kwa sauti yake nzito na kwa shingo yake inayoanguka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 zikaenea besi za Ned Steinberger zisizo na kichwa kabisa; mashine za kukazia zilihamishiwa nyuma, kwenye tako. La kwako kwa maelezo yako ni ndugu wa EB-3, na dawa yake inajulikana.

Kuhusu risasi, usikimbilie. Hebu tupige hesabu. Mashine za kawaida zikitolewa, zikafungwa nyepesi, tuseme umepunguza gramu 40 kwa kila moja, jumla gramu 160. Kama ziko sentimita 70 kutoka mahali gitaa linapojipima, umeondoa 160 mara 70, sawa na 11,200. Ukitaka faida ile ile kwa kuongeza uzito kwenye tako, ambalo liko labda sentimita 25 tu kutoka hapo, utahitaji gramu 448. Karibu nusu kilo, na utaibeba wewe kwenye bega hilo hilo linalowaka. Kwa hiyo ukiwa na fedha za kutumia, zitumie kichwani kwenye mashine nyepesi. Ila hata hizo zisubiri. Anza na kifungo.

Na kabla ya drili, kamba.

Tafuta mti wa fagio, uulaze mezani juu ya taulo, kisha lilaze gitaa juu yake kwa mgongo, nyuzi zikitazama juu na mti ukikatiza chini ya gitaa. Lisogeze taratibu mpaka lipime lenyewe lisilale upande wowote. Bandika kipande cha tepu ya karatasi hapo. Hicho ndicho kitovu cha uzito wa gitaa lako, na nakuhakikishia utashangaa kilivyo karibu na shingo. Sasa pima umbali kati ya tepu na kifungo cha mbele. Kifungo kikiwa kimeitangulia tepu kuelekea kichwani kwa kiganja kizima au zaidi, gitaa litatulia. Vikikaribiana, shingo itaanguka hata ununue mkanda wa namna gani.

Halafu chukua kamba imara, ifunge kwenye tundu la mkanda, kisha ncha ya pili izungushe kwenye pembe ya juu, karibu kabisa na ncha. Weka kitambaa chini ya kamba isichubue rangi. Mwambie mtu asimame mbele yako, mikono chini ya gitaa, usije ukalidondosha. Simama wima, achia mkono wa kushoto kabisa, hesabu mpaka kumi. Shingo ikibaki imeinuka kidogo juu ya mstari wa sakafu, umepata jibu kabla ya kutoboa hata tundu moja. Ikishuka polepole, bado umepata nusu ya jibu, na nusu iliyobaki iko nyuma kwenye tako, nitaifikia. Rudia jaribio hili siku mbili tatu, upige nyimbo zako ukiwa umefunga kamba. Mwili wako utakueleza mengi ambayo fundi haoni.

Sasa drili. Hofu yako naielewa, na ina msingi. Tundu langu la kwanza kwenye pembe liliacha ufa kwenye rangi wenye urefu wa kidole kidogo. Mbao haikupasuka, rangi ndiyo iliyopasuka, kwa sababu meno ya skrubu yaliing'ata na kuivuta juu. Ufa ule upo mpaka leo na kila nikilishika gitaa lile kidole changu kinaupitia. Nataka wewe usiupate, kwa hiyo soma hapa kwa utulivu.

Kwanza, mahali. Pembe za umbo hili zimechongwa zikawa nyembamba ukingoni. Usifuate ukingo, tafuta sehemu ya ncha yenye unene wa kutosha, ambapo ukiweka kifungo, mbao inabaki pande zote angalau milimita nane. Bandika tepu ya karatasi, tia alama ya kalamu katikati, kisha ibonyeze alama hiyo kwa ncha ya msumari ili biti isiteleze.

Pili, biti. Usikisie. Chukua skrubu ya kifungo mkono mmoja na biti mkono mwingine, zisimamishe mbele ya mwanga wa dirisha, biti ikiwa mbele ya skrubu. Biti sahihi inakificha kiini cha skrubu, lakini meno yake unayaona yakichungulia kulia na kushoto. Ukiona kiini kinajitokeza pembeni, biti ni ndogo mno na mbao itapasuka. Usipoona meno, ni kubwa mno na skrubu haitashika. Kwa skrubu ya milimita 3.5 kwenye mahogani, biti yangu huwa ya milimita 2.5, mbao ngumu kama mepo ninapanda kidogo.

Tatu, na hapa ndipo nilipokosea mimi: ipite rangi kwanza. Geuza drili izunguke kinyumenyume, iguse rangi taratibu mpaka ipenye na uione mbao. Ikizunguka kinyume inakwangua, haing'ati. Halafu chukua biti kubwa zaidi, pana kuliko meno ya skrubu, nayo izungushe kwa vidole tu, bila mashine, upanue mdomo wa tundu kwenye rangi peke yake. Sasa meno yakiingia hayagusi rangi kabisa. Baada ya hapo ndipo utoboe kwenda ndani, drili ikienda sawa na urefu wa pembe. Zungushia tepu kwenye biti kuonyesha kina unachotaka, usizidishe.

Ncha ya pembe ina tabia moja ya kuangalia. Nyuzi za mbao huko zinakwenda sambamba na shingo, kwa hiyo skrubu inaingia kati ya nyuzi badala ya kuzikata. Hushika kwa udhaifu kuliko ikiingia ubavuni. Ndiyo maana natumia skrubu ndefu kidogo, milimita 32 au zaidi kama unene unaruhusu. Ipake nta ya mshumaa, usitumie sabuni, maana sabuni huvuta unyevu. Ipandishe kwa bisibisi ya mkono mpaka mwisho, itoe, kisha dondosha gundi nyembamba ya papo hapo matone mawili ndani ya tundu. Acha ikauke kabisa, saa moja hivi bila kugusa. Gundi inazama kwenye mbao na kuyafanya yale meno yaliyochongwa na skrubu yawe magumu. Ukirudisha skrubu utausikia mkazo wake tofauti. Weka washa ya kitambaa kizito kati ya kifungo na rangi. Usikaze kwa hasira. Kifungo kikiacha kuzunguka, inatosha.

Kifungo cha zamani kiache palepale nyuma, hakikudai kitu. Siku ukitaka kuliuza, anayelinunua ataona hujaharibu alichokikuta.

Sasa ile nusu ya pili. Pembe zako ni fupi, kwa hiyo inawezekana baada ya kazi yote hii uso wa gitaa umekaa sawa na shingo inashuka polepole badala ya kuanguka. Hapo geukia kifungo cha nyuma. Kwa kawaida kiko katikati ya tako. Ukikihamishia juu, kwenye bega la nyuma la gitaa, sentimita sita au nane tu, mkanda unavuta kutoka mahali pa juu zaidi, tako linashuka na shingo inapanda. Watu hawaamini mpaka waione. Jaribu nacho kwa kamba kwanza, kama ulivyofanya kwenye pembe. Huku nyuma mbao ni nene, na kazi ni nyepesi kuliko ya mbele.

Kisha mkanda. Nunua wa ngozi, upana wa sentimita nane hadi kumi, wenye upande wa chini wa ngozi isiyosuguliwa, ile yenye manyoya mafupi, ili ushike nguo usiteleze. Kama umeutumia mkanda wa nailoni mwembamba miaka yote mitatu, basi hata huo una sehemu yake ya lawama. Ile inayonyumbuka kama mpira mimi siipendi kwa besi: inapunguza mgandamizo begani lakini gitaa linadundadunda kila ukipiga hatua, na shingo inaanguka vilevile. Urefu wake uweke ukiwa umeketi: gitaa likae pajani kama unavyofanya mazoezi, kaza mkanda mpaka uanze kubeba uzito, kisha simama. Kifundo cha mkono hakitapinda kuliko kilivyozoea.

Ganzi ya kidole gumba usiichukulie kama jambo la gitaa tu. Pumzika wiki mbili, na ikiendelea hata baada ya kurekebisha vifungo, nenda kwa daktari ukamweleze unachopiga na kwa saa ngapi. Nawajua wapigaji wawili waliosubiri sana.

*Fundi, besi yangu shingo yake imefungwa kwa skrubu nne na bamba la chuma kwa nyuma. Pembe ya juu ni fupi lakini sitaki tundu jipya hata moja, ni gitaa la marehemu baba. Kuna njia? – Mtoto wa mpiga besi*

Ipo, na nafurahi umeuliza kabla mtu hajalitoboa. Lile bamba ndilo mlango wako. Kata kipande cha aluminiamu bapa, upana milimita 25, unene milimita 3, kirefu cha kutosha kutoka chini ya bamba, kipite ubavuni mwa shingo upande wa juu, kitokeze mbele. Mwisho wake ndipo kifungo kitakapokaa, kwa bolti na nati. Toboa matundu mawili yanayolingana na skrubu mbili za juu za bamba, kilaze kati ya bamba na mbao, na chini ya skrubu mbili zilizobaki weka vipande vya unene ule ule ili bamba lisikae kombo.

Urefu wa skrubu uangalie kwa makini sana. Umeongeza milimita 3, kwa hiyo skrubu zile zile zitaingia kwenye shingo pungufu kwa milimita 3, na shingo inahitaji kila milimita. Tafuta ndefu zaidi kwa kiasi hicho hicho, si zaidi. Ikizidi, ncha itatokea upande wa pili, kwenye ubao wa vidole, na hilo ni jeraha lisilofichika. Legeza nyuzi kabla ya kufungua chochote. Kingo za aluminiamu zipige msasa mpaka ziwe duara na zivike ngozi, kwa sababu mkono wako utapita karibu hapo kila ukipanda freti za juu. Kata kwanza mfano wa kadibodi ngumu uone mkono unakwama wapi. Wa kwangu wa kwanza ulikwama, nikaupinda digrii kama 20 kwenda nyuma, ukaacha kunigusa.

Skrubu za baba ziweke kwenye bahasha ndani ya mfuko wa gitaa. Siku yoyote ukitaka, unalirudisha lilivyokuwa kwa dakika kumi.

*Kifungo changu cha nyuma kimelegea, skrubu inazunguka tu. Juzi mkanda ulichomoka katikati ya wimbo nikalidaka gitaa kwa goti. Nifanye nini kwa haraka?*

Kwa leo usiku: vijiti vya kuchokolea meno viwili au vitatu, vipake gundi ya mbao, vijaze kwenye tundu, vikate usawa wa mbao, acha vikauke, rudisha skrubu. Usipige gundi ikiwa bado mbichi. Kwa kudumu, panua tundu kwa biti ya milimita 6, gongomea kijiti cha mviringo cha mbao ngumu chenye unene huo kikiwa na gundi, kiache siku nzima, kisha toboa upya katikati yake kama nilivyoeleza hapo juu.

Mkanda wenyewe uuzuie kwa raba nene ya duara, ya aina inayoziba chupa zenye kifuniko cha waya. Ukishavalisha mkanda, inyooshe raba uipitishe juu ya kifungo, ikae nje ya ngozi. Vifungo vyenye kufuli vipo na ni vizuri, lakini skrubu ya kufuli ikiingia kwenye tundu bovu itang'oka na kufuli lake. Tundu kwanza.